Msitu haufundishwi ubaoni

WAHENGA walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Msafiri anayeabiri kutoka Mbita kwenda kisiwa cha Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, huona mengi yanayoelea juu ya Ziwa Victoria. Zipo mashua za wavuvi wa omena, yapo maboti ya abiria yanayosukumwa kwa injini, na ipo mitumbwi midogo ya makasia. Sehemu kubwa ya vyombo hivyo imeundwa kwa mbao. Lakini ukiwauliza abiria mti uliotoa mbao hizo ulichukua miaka mingapi kukomaa, wengi watakutazama tu. Atakayejibu atakisia.

Swali hilo si la mzaha. Mnamo Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili eneo lenye miti lifike asilimia 30 ya nchi. Tarehe 13 Novemba 2023 wananchi walipewa siku nzima ya mapumziko ili wapande miti. Hesabu rasmi ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba eneo lenye miti lilikuwa asilimia 12.13, na misitu yenyewe asilimia 8.83. Basi kazi bado ni kubwa. Na kupanda ni kazi ya siku moja. Kujua ni miti mingapi iliyopona, inakua kwa kasi gani, na ni aina ipi inayofaa mlima upi, ni kazi ya miaka mingi, na huhitaji watu waliofunzwa.

Watu hao hufunzwa wapi? Jibu la haraka ni chuo kikuu. Lakini mwanafunzi wa elimu ya misitu anayebaki darasani kwa miaka minne, akanakili yaliyoandikwa ubaoni, hutoka na shahada bila kuujua msitu. Elimu hii hupatikana kwa buti, utepe wa kupimia na daftari lililolowa mvua. Leo tunamwalika msomaji aione kazi hiyo ilivyo, huku Mfangano ikiwa ndiyo darasa letu.

KISIWA NA MSITU WA KALE

Mfangano ni kisiwa cha takriban kilomita 65 za mraba. Hakina tambarare kubwa. Ukishuka kwenye boti pale Sena, mlima umekukabili, na kilele chake kina mita 1,694 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi. Kwa hiyo kutoka ufukweni hadi kileleni mtu hupanda zaidi ya mita 500. Hali hiyo humfaa sana mwanafunzi wa miti. Kwa mwendo wa siku moja anaweza kupita mikuyu ya ufukweni, mashamba ya mahindi na mtama, vichaka vya mteremkoni, na miti iliyosalia mabondeni na kwenye majabali ya juu.

Wenyeji wa asili ni Abasuba, ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Leo wengi wao huzungumza Kijaluo, na lugha yao ya Olusuba imo katika hatari ya kupotea. Tutaona baadaye kwamba jambo hilo linamhusu mtaalamu wa miti kuliko anavyodhani.

Kabla ya hao wote palikuwa na msitu mwingine kabisa. Mfangano na jirani yake Rusinga zimejengwa kwa majivu na miamba ya volkeno ya kale iitwayo Kisingiri. Majivu hayo yalifunika wanyama na mimea kiasi cha miaka milioni 18 hadi 20 iliyopita, yakawahifadhi kama visukuku. Mwaka 1948, huko Rusinga, Mary Leakey aligundua fuvu la nyani mkubwa asiye na mkia aliyepewa jina Proconsul. Mwaka 1993 wataalamu walichapisha maelezo ya sehemu ya mifupa ya mnyama wa jamii hiyo iliyopatikana hapa Mfangano. Na mwaka 2015 nyani hao wa visiwani walipewa jina jipya la kisayansi, Ekembo, neno lililotolewa katika lugha ya Olusuba.

Yaliyofuata yatamvutia zaidi mwanafunzi wa misitu. Mifupa kadhaa iliyopatikana Rusinga mwaka 1951 ilidhaniwa kuwa imo ndani ya shimo la mwambani. Miaka ya 1980 Alan Walker na Martin Pickford walipochunguza upya, waligundua kwamba lile halikuwa shimo la kawaida. Lilikuwa ni tundu la shina la mti mkubwa uliokuwa na uwazi ndani, ambalo lilijaa udongo na mifupa, kisha likageuka jiwe.

Kisha mwaka 2014 kundi la watafiti lilitangaza katika jarida la Nature Communications kwamba limepata masalia ya visiki vya miti huko huko Rusinga, pamoja na visukuku vya Proconsul, katika tabaka moja la udongo wa kale. Visiki vilikuwa vimesimama pale pale vilipomea. Watafiti walipima upana wake na umbali kati ya kimoja na kingine, wakachunguza majani na udongo wa wakati huo, wakafikia uamuzi kwamba mahali pale palikuwa msitu mnene ambao matawi ya juu yalikutana na kufunga anga.

Tazama basi, msomaji. Kipenyo cha shina na umbali kati ya mashina ndizo hesabu za mwanzo anazofundishwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hesabu hizo hizo ndizo zilizotumika kuufahamu msitu uliokufa mamilioni ya miaka kabla binadamu hajazaliwa.

KWANZA HODI

Somo la kwanza la uwandani halihitaji chombo chochote. Ni kubisha hodi. Mlima wa Mfangano si pori lisilo na mwenyewe. Kuna mashamba, kuna makaburi, kuna malisho, na kuna mahali pa heshima. Katika miamba ya Kwitutu na Mawanga kuna michoro ya kale ya duara ndani ya duara, yenye rangi nyekundu na nyeupe, ambayo husemekana ilichorwa na wawindaji wa jamii ya Batwa waliotangulia. Wenyeji walihusisha mahali hapo na maombi ya mvua, na watu hawakukata miti ovyo karibu napo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kuanzia kaya za Wamijikenda pwani hadi vilima vya bara, heshima ya namna hiyo ndiyo iliyookoa vipande vya misitu ambavyo leo vinasomwa na vyuo vikuu.

Kijana anayefika na dira shingoni na kuanza kupiga rangi miti ya watu bila ruhusa atakuwa ameharibu kazi yake kabla haijaanza. Hupita kwa chifu, kwa mzee wa kijiji, kisha kwa mwenye shamba. Huamkia kwanza, huketi akikaribishwa, hueleza alikotoka na anachotafuta. Huambiwa pia lipi haliruhusiwi.

Wazee nao ni maktaba. Mwanafunzi hujifunza majina ya mimea kwa Kilatini ili aelewane na wenzake wa Uganda, Brazili au Japani. Lakini mzee anayeishi na mti ndiye ajuaye unachanua lini, ng'ombe hula majani yake au hawali, kuni zake hutoa moshi wa aina gani, na ulikuwapo wapi kabla ya kukatwa. Waluo wanaoishi ukingoni mwa ziwa wana majina kama siala, ober, yago na olua. Olua ndio mvule, mti wa mbao ngumu unaosifika Afrika Mashariki nzima. Abasuba nao wana majina yao. Jina la mti likisahauliwa, aghalabu maarifa yaliyofungamana nalo husahauliwa pia. Ndiyo maana mwanafunzi makini huandika majina yote matatu, la Kilatini, la Kijaluo na la Olusuba, na kando ya kila moja huandika ni nani aina ya watu waliompa, wazee au vijana.

Asipoujua mti, huchuma kitawi chenye majani, na ikiwezekana maua au matunda. Hukibana katikati ya magazeti makavu na kukipeleka kwenye hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki iliyoko katika Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi, ambako hulinganishwa na sampuli zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka mia moja. Huandika pia mambo yasiyoonekana kwenye kitawi kikavu, kama rangi ya gome, harufu ya jani likipondwa, na utomvu kama ni mweupe au mwekundu.

UTEPE, KAMBA NA FIMBO

Baada ya hodi huja vipimo. Wanafunzi hugawanywa vikundi vya watu wanne au watano. Mmoja hushika dira, wawili huvuta kamba, mmoja hupima na mmoja huandika. Hutenga kipande cha mraba, ambacho wanamisitu hukiita ploti, mara nyingi cha mita 20 kwa mita 20. Ploti 25 za namna hiyo hufanya hekta moja.

Hapa mlima wa Mfangano huwaumbua wenye haraka. Ramani huhesabu ardhi kana kwamba ni tambarare. Ukivuta kamba ya mita 20 kwenye mteremko wa nyuzi 30, umbali halisi wa ramani ni mita 17.3 tu. Ploti uliyodhani ina mita 400 za mraba itakuwa na 346. Utaripoti kwamba mlima una miti michache kuliko ilivyo, na kosa litakuwa la kamba. Kwa hiyo mwanafunzi hupima kwanza mwinamo kwa klinomita, ndipo anaongeza urefu wa kamba ipasavyo.

Kila mti ndani ya ploti hupimwa unene kwenye kimo cha kifua. Katika nchi nyingi kimo hicho huhesabiwa kuwa mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko mpimaji husimama upande wa juu wa mlima. Utepe huzungushwa ukiwa umenyooka, bila kupinda na bila kubana mizizi tambazi juu ya gome. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha sentimita 30 hivi.

Yasikike kuwa mepesi, lakini msituni kila mti una kesi yake. Mkuyu una mizizi iliyopanda shinani kama kuta, hivyo hupimwa juu ya kuta hizo. Mwingine umegawanyika mashina matatu chini ya kifua, kwa hiyo kila shina hupimwa peke yake. Mwingine una kovu la panga mahali pale pale pa kupimia. Mwanafunzi lazima aamue, na la muhimu zaidi, aandike alivyoamua, kwa kuwa atakayerudi baada ya miaka 5 huenda asiwe yeye. Mti wa porini unaweza kunenepa kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ukipima leo kwenye mita 1.3 na mwenzako mwakani akapima kwenye mita 1.2, tofauti hiyo yaweza kuwa kubwa kuliko ukuaji wote wa mwaka. Ndiyo sababu hupigwa mstari wa rangi na kupigiliwa kibati chenye namba.

Wanaotaka kujua zaidi hufunga dendromita, yaani ukanda mwembamba wa chuma wenye springi, unaozunguka shina na kutanuka nalo. Kwa ukanda huo mwanafunzi huona jambo la ajabu. Shina halinenepi siku zote. Wakati wa kiangazi laweza kusinyaa kidogo kwa kukosa maji, kisha likajaa mvua inaporudi.

Wala hawapimi miti mikubwa pekee. Katika kona ya ploti hutengwa kipande kidogo cha kuhesabu miche iliyojiotea yenyewe. Hesabu hii ndiyo husema kweli kuhusu kesho. Kipande cha msitu chaweza kuonekana kizuri kwa mbali, miti imesimama, kivuli kimetanda. Ukiinama ukakuta hakuna mche hata mmoja, ama kwa sababu mbuzi humaliza au kwa sababu lantana imefunika ardhi yote, basi jua msitu huo ni wa wazee watupu. Hauna mtoto wa kurithi.

PETE ZA MTI HUDANGANYA

Msomaji aliyesoma jiografia atauliza: kwa nini wasihesabu pete zilizomo ndani ya shina? Kweli, katika nchi zenye baridi kali mti husimama kukua majira ya baridi na kuacha pete moja kila mwaka. A. E. Douglass aliijenga elimu hiyo huko Arizona, Marekani, na mwaka 1937 akaanzisha maabara ya pete za miti katika chuo kikuu cha huko.

Lakini hapa kwetu karibu na ikweta hakuna theluji ya kuusimamisha mti. Kuna mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za kuelekea mwisho wa mwaka. Aina fulani za miti huweka pete mbili kwa mwaka, nyingine huweka pete zisizo kamili, na nyingine haziweki pete inayoonekana. Mtu akihesabu pete 40 akasema mti una miaka 40, huenda una 20. Ndipo wataalamu wakabuni njia ya kulichoma gome tundu dogo katika tarehe inayojulikana. Mti huacha kovu ndani, na ukikatwa baadaye huonekana pete ngapi zimeongezeka tangu siku ile. Njia iliyo rahisi zaidi ni ile ya kale, kupima, kuweka alama, kurudi na kupima tena.

BABU APIMA, MJUKUU APIMA

Mfano bora wa kurudi na kupima tena uko ng'ambo ya ziwa hili hili. Katika msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda, ofisa wa misitu William Eggeling alisimamia ploti zilizopimwa katika miaka ya 1930 na 1940, na mwaka 1947 akachapisha maelezo ya jinsi msitu unavyobadilika kutoka nyasi na vichaka hadi msitu mkomavu. Nusu karne baadaye, katika miaka ya 1990, watafiti walizirudia baadhi ya ploti hizo na kuipima miti ile ile. Mengi yanayofahamika leo kuhusu maisha marefu ya miti ya Afrika Mashariki yametokana na subira hiyo.

Nchini humo pia kuna kituo cha Chuo Kikuu cha Makerere pale Kanyawara, ndani ya msitu wa Kibale, ambako wanafunzi huishi msituni kwa majuma kadhaa. Tangu miaka ya 1990 chama cha Tropical Biology Association kimekuwa kikiwaleta pamoja vijana wa Kiafrika na wa Ulaya katika kozi za mwezi mmoja, huko Kibale na katika msitu wa Amani nchini Tanzania. Kila mmoja huchagua swali lake, hupima, huhesabu na husimama mbele ya wenzake kujieleza. Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine kina msitu wa mafunzo pale Olmotonyi karibu na Arusha, na kingine cha asili cha Mazumbai katika milima ya Usambara.

Kenya nayo ina historia ya kujivunia. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza mwaka 1984, wanafunzi wake wa kwanza 83 walikuwa ni wa misitu, waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Yaani chuo kikuu cha pili cha umma nchini kilifunguliwa na wanamisitu. Masomo hayo yakakita mizizi Chepkoilel, ambako tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Chuo cha misitu cha Londiani kimefunza maofisa tangu mwaka 1957. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, iliundwa mwaka 1986 na makao yake yako Muguga. Na ng'ambo tu ya Mfangano, pale Mbita, kipo kituo cha utafiti cha ICIPE, chenye jina la mwanzilishi wake Profesa Thomas Odhiambo, ambako wanafunzi wengi wamejifunza utafiti wa wadudu na mashamba.

KINACHOHITAJI JIBU

Kwa nini basi mtu ajisumbue na kisiwa kidogo? Kwa sababu kisiwani hakuna pa kujificha. Familia ya Nairobi ikiishiwa makaa hutuma mtoto dukani, na haioni kisiki kilichobaki Kitui au Narok. Kisiwani, kuni zilizopika chai asubuhi zimetoka mlima unaoonekana mlangoni, la sivyo zimenunuliwa na kuvushwa kwa boti. Samaki akikaushwa kwa moshi, ni kuni. Nyumba ikijengwa, ni nguzo. Mashua ikitengenezwa, ni mbao. Mteremko ukivuliwa miti, mvua kubwa huteremsha udongo wa shamba hadi ziwani, na mkulima hupoteza mbolea siku ile ile mvuvi anapochafuliwa maji ya ufukweni ambako samaki huzaliana.

Hapo ndipo daftari la mwanafunzi linapogeuka kuwa kitu cha faida. Chukua mfano. Kikundi kimepewa nafasi ya kupanda hekta moja ya mteremko kwa miche iliyoachana mita 2.5 kila upande. Hiyo ni miche 1,600. Siku ya kupanda kutakuwa na hotuba na picha. Mtu akirudi baada ya miaka mitatu akakuta 400, hiyo ni robo tu. Je, 1,200 iliyokufa iliuawa na nini? Ng'ombe? Mchwa? Ukame? Au ilikuwa aina isiyofaa udongo wenye mawe? Ikiwa iliyopona yote iko kwenye bonde na iliyokufa yote iko mgongoni mwa kilima, jibu limeshapatikana, na kikundi kijacho hakitapoteza jasho lake. Bila kuhesabu, watapanda 1,600 nyingine pale pale mwaka unaofuata.

Kadhalika huzuka swali la aina. Mkaratusi hukua upesi na ukikatwa huchipua tena, kwa hiyo mwenye kutaka nguzo na kuni huupenda. Lakini hunywa maji mengi, na haufai kando ya chemchemi. Siala hutoa nguzo nzuri na huvumilia kuishi shambani pamoja na mazao. Mkuyu hauna mbao za maana, lakini hushika ukingo wa maji na kulisha ndege. Hakuna mti mmoja ulio mzuri kwa kila jambo, na mama anayetafuta kuni, mvuvi anayetaka mbao na mzee anayelinda mlima wa mababu hawatataka mti ule ule. Mwanafunzi hufundishwa kuleta takwimu katika mazungumzo hayo, wala si amri.

Kuna kasoro moja ambayo wanaofunza kazi hii hulalamikia mara kwa mara. Utafiti wa shahada huchukua miezi michache, ilhali mti huchukua miongo. Kijana hupima, huandika tasnifu, hufuzu, na vibati vyake hubaki vikiliwa na kutu. Nakala ya tasnifu hulala kwenye rafu ya chuo, na aliyemwonyesha njia mlimani haoni hata ukurasa mmoja. Dawa yake haina gharama kubwa. Nakala ya matokeo iachwe kisiwani, shuleni au kwa chifu, kwa lugha wanayoisoma watu. Wanafunzi wa shule ya hapo wafundishwe kupima miti ile ile kila mwaka, mwezi ule ule. Shule haifuzu ikaondoka. Mtoto wa darasa la tano akianza leo, na kila darasa likampokea mwenzake, baada ya miaka 20 kisiwa kitakuwa na hazina ambayo mgeni hawezi kuinunua.

JARIBU NYUMBANI

Familia ya mjini nayo yaweza kuanza Jumapili hii. Tafuta mti mmoja uani, shuleni, kanisani au msikitini. Chukua futi ya fundi wa nguo. Pima mita 1.3 kutoka ardhini, weka alama ya chaki au rangi, zungusha futi, andika mzingo na tarehe. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo.

Kimo cha mti pia hakihitaji kupanda. Twaa kijiti kilichonyooka, kishike kwa mkono ulionyoshwa mbele ya macho, sehemu iliyo juu ya ngumi iwe na urefu sawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi. Rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ngumi ilingane na tako la mti na ncha ya kijiti ilingane na kilele. Simama hapo. Umbali kutoka uliposimama hadi mtini ndio kimo chake. Pima kwa hatua zako, na watoto wabishane nani amekosea.

Andikeni katika daftari moja lisilopotea, pamoja na jina la mti kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyanya yao. Mwakani, juma lile lile, pimeni tena. Mtakuwa mmefanya yale yale yafanywayo Budongo.

Kwa mzazi ambaye mwanawe amepata nafasi ya kusoma misitu naye ananuna kwa kuwa hakupata udaktari au uhandisi, tungependa kusema neno moja. Bilioni 15 za miti haziwezi kuhesabiwa na wanasiasa. Zitahitaji vijana wanaojua kushika utepe, kusoma mteremko, kumwamkia mzee na kuandika ukweli hata ukweli huo ukiwa ni kwamba miche robo tatu imekufa. Kijana akichagua kazi hiyo, mnunulie buti nzuri na koti la mvua. Atazihitaji kuliko tai.